Baiskeli ya wikiendi kwa asiyejua kitu: soma tairi kwanza, rangi baadae

Wakuu, kuna mtu kaniuliza anataka baiskeli ya kuzungukia tu Jumapili asubuhi, hataki ya kwendea kazini wala ya mashindano, hajapanda tangu yuko shule ya msingi na hela ya kutupa hana. Nikaanza kumjibu kwa meseji nikaona inarefuka, bora niandike yote sehemu moja mana haya maswali hayaishi, na mimi mwenyewe nishapigwa, tena zaidi ya mara moja, kwahiyo naongea kama mtu aliyelipa ada.

Baiskeli nafuu ni ile ambayo fundi wa mtaani kwenu ana spea zake kwenye kopo. Hilo ndo nalotaka kusema, mengine yote huko chini ni maelezo. Bei ya kununulia unaitoa siku moja unaisahau, ila ukinunua kitu ambacho tyubu yake haipatikani basi umenunua pambo la barazani.

Ngoja nikupe kisa. Baiskeli yangu ya kwanza ya ukubwani ilikuwa mtumba wa Japani, zile zenye kikapu cha waya mbele, stendi ya miguu miwili, taa ya dainamo na kile kikufuli cha duara kilichofungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Nzuri kweli, rangi ya maziwa, nimeichukua laki na themanini baada ya kubishana kama nusu saa. Nimepanda mwezi na kitu, tairi ya nyuma ikapasuka ubavuni natoka zangu feri. Nikasukuma mpaka nyumbani roho haijaniuma, nikajua hili tatizo la elfu ishirini tu. Jumamosi nzima nimezunguka Kariakoo na tairi begani, kila duka naingia wananipa ya inchi 26 haiingii, wananipa ya 28 inapwaya, jamaa wa duka la mwisho akaniambia braza hii ringi yako wamekosea kiwandani.

Jioni nikaenda kwa mzee mmoja fundi anakaa chini ya mwarobaini na beseni lake la maji na kopo la solusheni. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaipokea ile tairi hata hajauliza kitu, akachukua kitambaa akatia mate, akafuta vumbi ubavuni akanirudishia. "Haya soma." Nikasoma 27 x 1 3/8. "Hizo kubwa za kudanganyia watoto, soma hizo ndogo za pembeni." Nikainama vizuri, zimeandikwa 37-609. Mzee akacheka. "Hii saizi yao wenyewe Wajapani. Utaipata siku mtu akichomoa kwenye nyingine." Nimesubiri wiki tano.

Sasa hizo namba ndogo ndo shule yenyewe, na ni kitu cha kujifunza dakika tano tu. Karibu kila tairi ya baiskeli ina namba mbili zenye kistari katikati. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye ringi, na hii ya pili ndo mume wa nyumba, haibishaniwi. Kinachochanganya watu ni kwamba zile inchi kubwa zinasema uongo. Kuna 26 mbili tofauti kabisa: 26 ya mauntenibaiki, zile tairi nene za vipele, ni 559, na 26 ya baiskeli za Japani na za Kiingereza za zamani, ile inayoandikwa 26 x 1 3/8, ni 590. Zote "26" halafu zimepishana milimita 31, hata umlete bondia haziingiliani. Ile 28 ya Phoenix na ndugu zake za keria kubwa, 28 x 1 1/2, ni 635. Zile nyembamba zilizoandikwa 700C ni 622, na baiskeli za kisasa za 29 ukisoma namba ndogo unakuta 622 hiyohiyo, ringi ni ileile wamebadilisha jina tu ikauzike. Za 27.5 ni 584. Tyubu ina uvumilivu kidogo, inaweza kuingia kwenye tairi ya jirani ukalazimisha safari ikaisha, tairi haina huo utani.

Kwahiyo kabla hujaenda kununua popote, fanya kazi moja ambayo haina gharama: nenda kwa fundi wa karibu na kwako, mwamkie, mnunulie hata soda, muulize "mzee tairi gani unaziuza sana hapa?" Atakwambia. Mitaa mingi utasikia 26 ya vipele (559) na 28 ya Phoenix (635), sehemu nyingine na 26 x 1 3/8 (590) ipo. Ukishajua hapo umeshachuja nusu ya baiskeli zote za Dar bila kutoka jasho, na unapokuwa sokoni muuzaji anapiga kelele kuhusu rangi na gia wewe unachuchumaa unasoma tairi, na heshima inaanzia hapohapo mana anajua huyu si mgeni.

Tukija kwenye aina. Kwa mtu wa hela ya kawaida yapo makundi matatu.

Kuna hizo mpya za Kichina na Kihindi, Phoenix, Hero, Avon, zile nyeusi za breki za vyuma badala ya waya. Zinabeba mkaa, zinabeba maji, zinabeba familia, spea zake zinauzwa mpaka kwenye maduka ya sukari huko mikoani. Ila kwa raha ya Jumapili mi siziwezi, ni chuma kitupu kilo ishirini na kitu, gia ni moja, na ile bomba ya juu inakaa juu hasa, mtu mfupi anashuka kwa kuruka. Kama uko sehemu tambarare na unataka kitu ambacho mjukuu wako atakirithi, chukua, sikukatazi.

Kuna mtumba wa Japani, nimeshaeleza. Kwa anayeanza hii ni tamu kuliko zote kwa kupanda: unakaa wima kama kwenye kiti cha mezani, bomba imeinama chini kwahiyo dada mwenye dera au mama mwenye khanga anapanda bila kuonyesha dunia, cheni imefunikwa haili nguo, kikapu kinabeba chupa ya maji na mihogo ya Coco Beach. Wanaume wengi wanazikimbia wakisema za kike, mi nasema wewe unatafuta raha au unatafuta mchumba? Angalizo ni lilelile la tairi, chukua yenye 590 uiache yenye 609. Halafu breki yake ya nyuma mara nyingi ni ya bendi, ile iliyofichwa ndani ya kopo pembeni ya gurudumu, ikizeeka inalia kama mbuzi anachinjwa, haina madhara makubwa ila mtaa mzima utajua umerudi.

Halafu kuna mtumba wa Ulaya, na hapa ndo kuna dhahabu ukiwa na jicho. Tafuta mauntenibaiki ya zamani, ya miaka ya 90 hivi, tairi 26 ya vipele, foki ya mbele imenyooka haina shokapu, fremu ya chuma yenye mabomba membamba, gia za Shimano. Hizi zinadharauliwa sokoni kwasababu hazina sura ya pikipiki, kijana wa kisasa anaipita anaenda kushika yenye shokapu mbili na breki za diski. Wewe ichukue. Kila spea ya 559 ipo mjini, breki zake za waya fundi yeyote anazijua, na ukibadilisha zile tairi za vipele ukaweka laini inateleza kwenye lami mpaka unashangaa.

Na hapa naomba nisimame kidogo kwenye hii habari ya shokapu mana imeumiza wengi, shemeji yangu mmojawapo. Alinunua mpya inang'aa, shokapu mbele, shokapu katikati, diski mbele na nyuma, gia 21, stika za moto kila mahali. Shokapu nzuri ya baiskeli ni kitu cha gharama, sasa baiskeli nzima ikiwa bei rahisi na ina shokapu mbili jiulize hizo shokapu zenyewe ziligharimu nini. Ndani ni springi tu na plastiki. Kila ukikanyaga pedeli sehemu ya nguvu inaenda kubonyeza springi, baiskeli inanesanesa kama kitanda cha gesti, unachoka hujafika hata kona. Baada ya miezi michache ile ya katikati ikaanza kucheza kulia kushoto na fundi kasema hana cha kuweka. Hewa ya tairi nene ni shokapu tosha kwa barabara zetu za mtaani, ukitaka ulaini zaidi punguza upepo kidogo.

Gia nazo wasikutishie. Gia 21 maana yake ni sproketi tatu mbele mara saba nyuma, nyingi zinajirudia na kwenye matumizi utashika nne au tano. Cha kuangalia ni unakaa wapi. Zanzibar mjini, Tanga, Dar ya huku pwani, hata gia moja inatosha ukiwa na miguu ya kawaida. Ukiwa Mwanza, Iringa, Arusha, Lushoto ndo usiseme, au hata Dar hii hii ila unakaa Kimara au Mbezi kule juu, gia unazihitaji, sita au saba za nyuma zinatosha kabisa, muhimu ni kuwe na ile sproketi kubwa ya nyuma ya kupandia mlima. Walio tambarare nao wasidanganyike, kuna mlima unaitwa upepo wa bahari, siku unarudi na upepo uko mbele utaitafuta gia ndogo.

Saizi ya mwili. Hii watu wanairuka halafu wanalalamika mgongo. Simama, baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote chini: kama bomba ya juu inakugusa pabaya hiyo ni kubwa, unataka ibaki nafasi ya vidole vitatu au zaidi. Kisha kaa kwenye siti, mtu akushikie, weka kisigino kwenye pedeli iliyoko chini kabisa, mguu unyooke. Hapo ndo urefu sahihi wa siti, ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo goti litakunjika kidogo. Wengi wanaoanza wanashusha siti mpaka magoti yanakaribia kidevu kwa kuogopa kuanguka, wiki ya kwanza nakuruhusu, baada ya hapo pandisha taratibu mana magoti yatakudai. Mwisho shika usukani, viwiko visinyooke kama unasukuma toroli. Kwa makadirio, mwenye sentimita 155 mpaka 165 aanzie fremu ya inchi 15 au 16, mwenye 165 mpaka 175 inchi 17 au 18, mrefu zaidi 19 au 20, ila kipimo cha miguu kinashinda namba.

Na hakikisha bomba la siti linapanda na kushuka kabla hujatoa hela. Kwenye mtumba linaganda kwa kutu mpaka linakuwa kitu kimoja na fremu, mafundi wanapiga nyundo wanaimwagia mafuta ya taa haliendi, na wewe unabaki na baiskeli ya urefu wa Mzungu aliyeiuza.

Siku ya kwenda kununua beba vitu vitatu: sumaku, futi ya fundi cherehani na tochi ya simu. Sumaku ya spika mbovu inatosha. Iweke kwenye ringi. Ikinasa ringi ni ya chuma, na ringi ya chuma iliyong'arishwa ikilowa mvua breki za raba zinateleza tu, unashika breki sasa inasimama baadae. Isiponasa ni ya aluminiamu, hiyo ndo unaitaka. Kwenye fremu sumaku ikinasa usiogope, chuma kinaungika kwa fundi welding yeyote kikipasuka, aluminiamu inahitaji welding yake maalum na si kila mtu anaiweza.

Futi ni ya cheni. Anzia katikati ya pini moja, nyoosha inchi 12, inatakiwa iangukie katikati ya pini nyingine kabisa. Ikipitiliza kama milimita tatu cheni imekwisha, na cheni iliyokwisha huwa imeshakula sproketi, kwahiyo hapo unadai punguzo la vyote viwili. Muuzaji ambaye hajawahi kuona mtu anapima cheni kwa futi ya cherehani analegea sana kwenye bei, nakwambia.

Tochi ni ya fremu. Mulika pale mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani na chini ya siti. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele, au rangi iliyovimba. Ukikuta baiskeli ya mtumba imepigwa rangi ya kopo mpya nzima, mpaka kwenye nati, mi naondoka, mtu hapaki poda usiku bila sababu.

Baada ya hapo itikise. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma, ukisikia koto koto kwenye shingo ya usukani gololi zimelegea au zimekwisha. Shika mkono wa pedeli utikise kulia kushoto, ukicheza ekseli ya katikati ina shida. Inua gurudumu lizungushe, angalia nafasi kati ya ringi na raba za breki, ringi ikienda inakwepa huku na huku imepinda, kidogo fundi ananyoosha kwa kukaza spoku, ikigusa mpaka inasimama achana nayo. Binya spoku mbili mbili kwa mkono, zote ziwe na ugumu unaofanana. Simama nyuma yake umbali wa hatua tatu uangalie kama tairi ya nyuma na ya mbele ziko mstari mmoja, iliyopata ajali inatembea upande kama kaa. Haya yote ukizoea ni dakika sita.

Kisha uipande, na hapa kuna mtego nisiouona mtu anausema. Baiskeli za Japani na Uingereza breki ya mbele iko mkono wa kulia. Nyingi zilizotoka Ujerumani, Uholanzi na nchi za karibu nazo, ya mbele iko kushoto. Na baadhi hazina breki ya nyuma ya mkono kabisa, unasimamisha kwa kurudisha pedeli nyuma. Mtu anayeanza anapanda, anajua huku ni nyuma, anabana kwa nguvu, kumbe ndo mbele, anaruka juu ya usukani kama mchezaji sarakasi. Kabla hujakaa bana mmoja mmoja uone inashika wapi, sukuma pedeli nyuma uone inazunguka bure au inagoma. Usipoipenda ilivyo, fundi anabadilisha waya kwa hela ya chai.

Kuhusu uhalali. Kijana anakufuata na baiskeli nzuri anauza bei ya kuku, anaangalia nyuma kila dakika, hiyo si bahati yako, ni ya mtu mwingine analia huko. Ukinunua mkononi kwa mtu andikishaneni, hata kwenye karatasi ya daftari: jina, namba ya kitambulisho, tarehe, bei, na namba ya fremu. Namba ya fremu mara nyingi imegongwa chini, ipindue utaiona pale zinapozungukia pedeli. Ipige picha, siku ikiibiwa hiyo ndo ushahidi wako.

Bajeti sasa. Usimalize hela yote kwenye kununua, hili kosa nimelifanya. Ukiwa na laki mbili na nusu tafuta ya laki mbili au chini ya hapo, inayobaki ni ya siku ya pili: raba za breki, waya mpya za breki na gia, tyubu mbili, grisi na gololi mpya kwenye magurudumu, pengine tairi. Mtumba umekaa stoo huko ulikotoka, ukaja kwenye kontena, ukakaa juani sokoni, tairi zake zina mipasuko midogo midogo ubavuni hata kama vipele bado virefu. Zikunje kwa kidole uone. Kwenye ile yangu ya pili, mauntenibaiki ya mtumba ninayopanda mpaka leo, nililipa laki na sitini nikaongeza kama elfu sabini kwa fundi, na mpaka sasa imekula tyubu na mafuta tu.

Pampu nunua yako. Ila angalia vali kwanza. Kuna vali kama ya gari, hii hata pale wanapojaza bodaboda upepo unapata. Kuna ile ya kizamani ya mpira mdogo ndani, Phoenix na za Japani ndo zinayo. Na kuna ile nyembamba ya kufungua kinati juu, ya baiskeli za mbio, hii inahitaji kichwa chake. Mimi nilibadilisha zote nikaweka tyubu za vali ya gari, kama ringi yako ina tundu dogo fundi anatoboa kidogo inaingia. Kwasababu wewe ni mtu wa mara moja moja, jua tu tyubu inapoteza upepo yenyewe hata ikikaa, ukiikuta imelala baada ya wiki tatu usimtuhumu mtoto, jaza kwanza uone.

Na kutu. Ukipandia Kigamboni au ukakaa Coco unakula upepo, ile chumvi inarudi na wewe nyumbani. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, dondoshea mafuta ya cherehani kidogo kila kiungo, zungusha, futa tena yaliyobaki nje. Usimwagie oili chafu ya gari kama wanavyofanya wengi, inakamata mchanga inakuwa msasa.

Kama bado una wasiwasi kwamba utainunua halafu iwe ya kuanikia nguo, kodi kwanza. Walioko Nairobi wana msitu wa Karura, baiskeli za kukodi zipo mlemle ndani. Ukienda Zanzibar, Paje au Jambiani huko, unakodi siku nzima unapanda ufukweni maji yakikupwa, mchanga ukiwa mgumu ni raha tupu. Dar azima ya jirani wikiendi mbili. Ukirudi unaumwa makalio hiyo ni kawaida, siku ya tatu ya kupanda inaisha, ukirudi unaumwa mgongo au viganja ujue saizi ile si yako, umejifunza bure.

Sehemu ya kuanzia, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Toure pale baharini magari hayajaamka, au unapakia kwenye pantoni unavuka Kigamboni unaenda zako taratibu upande wa kusini. Kando ya barabara ya mwendokasi kule Morogoro Road walitenga njia ya baiskeli, nzuri tu, ila bodaboda wameshajimilikisha na wanakuja uso kwa uso, kwa anayeanza sikushauri mpaka uzoee kupiga kengele na kutukanwa. Kaa kushoto, usipande kinyume na magari hata kama unaona ndo salama. Kofia ngumu nunua, ya mtumba ikague ndani kama lile povu gumu jeupe lina ufa, yenye ufa iache.

Baada ya wiki mbili za kwanza rudi kwa fundi akaze kila kitu, spoku na nati huwa zinalegea zikishaanza kufanya kazi upya. Ukitaka kukaza mwenyewe sawa, ila pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inakazwa kwa kuzungusha upande ambao kila nati nyingine duniani inafunguka. Mimi sikuambiwa. Nilikaza kwa spana ndefu na nguvu zangu zote, nikawa naifungua, nikapanda hivyohivyo mpaka pedeli ikachomoka na nyuzi za krenki (ule mkono wa pedeli) zote pale njia panda ya kwenda feri, na yule mzee wa mwarobaini akanitoza elfu kumi na mbili huku anacheka.